Maisha Katika Mji wa Pamba: Jinsi Watu wa Manchester Walivyoishi Katika Karne ya 19

Katika karne ya 19 Ulaya ilikuwa na miji mingi iliyoupita mji wa Manchester kwa ukubwa na kwa fahari, lakini haukuwapo mji uliozungumzwa kama huo. Wageni walisafiri kutoka Ufaransa, Ujerumani na Marekani ili wautazame kwa macho yao wenyewe. Walipoukaribia, kwanza waliona wingu la moshi lililofunika anga. Kisha waliona dohani ndefu za kutolea moshi, zimesimama kama msitu uliopukutika majani. Mwisho waliona viwanda vya matofali, vya orofa sita, saba na hata nane, ambavyo madirisha yake yaliwaka taa mpaka usiku wakati wa baridi.

Wengi wao waliondoka na mawazo mawili yasiyopatana. Waliona mali nyingi kuliko walivyopata kuona mahali pengine, na hatua chache tu kutoka kwenye mali hiyo waliona watu wakiishi katika uchafu usioelezeka. Makala haya yaeleza jinsi watu wa kawaida wa mji huo walivyoishi, kwa nini maisha yao yalikuwa magumu kiasi hicho, na ni mambo gani yaliyoyabadili.

KWA NINI MJI ULIKUA UPESI

Manchester uko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika nchi yenye mvua nyingi na vijito vingi. Tangu zamani watu wa wilaya zile walisokota nyuzi na kufuma nguo nyumbani mwao, mume, mke na watoto wakisaidiana. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 18 ilibuniwa mitambo mipya. Richard Arkwright alipata hati ya mtambo wake wa kusokota nyuzi kwa nguvu za maji katika mwaka wa 1769. Miaka kumi baadaye Samuel Crompton, wa mji wa Bolton ulio karibu na Manchester, alitengeneza mtambo mwingine uliosokota uzi mwembamba na imara zaidi. Mitambo kama hiyo haikuweza kuwekwa katika nyumba ya mtu maskini. Ilihitaji jengo kubwa, na nguvu za kuiendesha.

Nguvu hizo zilitoka kwanza katika maji ya mito, kisha katika mvuke. Mvuke ulihitaji makaa ya mawe, na makaa yalikuwa karibu. Katika mwaka wa 1761 mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa, na mashua zikaanza kuleta makaa mpaka Manchester kutoka machimbo ya Worsley. Bei ya makaa mjini ikashuka ikawa karibu nusu ya ile ya kwanza. Tarehe 15 Septemba, 1830, ilifunguliwa reli ya kwenda Liverpool, bandari iliyopokea marobota ya pamba kutoka ng'ambo. Yafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya pamba hiyo ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Basi utajiri wa Manchester ulitoka katika jasho la watu wa nchi mbili, wale waliochuma pamba bila ujira na wale walioisokota kwa ujira mdogo.

Kazi ilipopatikana, watu walimiminika. Walitoka mashambani, na wengi walivuka bahari kutoka Ireland, hasa baada ya viazi kuoza na njaa kuu kuanza katika mwaka wa 1845. Katika mwaka wa 1801 Manchester ulikuwa na watu wapatao 75,000. Katika mwaka wa 1851 walikuwa wamezidi 300,000, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa mzaliwa wa Ireland. Hivyo mtu aliyezaliwa mwanzo wa karne aliuona mji wake ukiongezeka mara nne kabla hajafika umri wa uzee.

SIKU YA MFANYA KAZI

Maskini wengi hawakuwa na saa nyumbani, na kuchelewa kiwandani kulileta faini. Kwa hiyo ilikuwako kazi ya pekee ya mwamshaji. Huyo alipita njiani kabla ya mapambazuko, akiwa na ufito mrefu, akagonga madirisha ya wale waliomlipa peni chache kwa wiki. Baada yake ilisikika kengele ya kiwanda, na sauti ya viatu vya mbao juu ya mawe ya barabara, maelfu ya watu wakienda upande mmoja gizani.

Kabla ya sheria kuingilia, siku ya kazi ilikuwa ya saa 12, 13 au hata zaidi, siku sita kwa wiki. Hewa ya ndani ilikuwa ya joto na unyevu, maana uzi wa pamba ukikauka hukatika. Madirisha yalifungwa kwa sababu hiyo hiyo. Vumbi jepesi la pamba lilielea hewani kutwa nzima, likaingia vifuani mwa watu, na wengi walipata ugonjwa wa kukohoa na kukosa pumzi. Katika vyumba vya kufumia, kishindo cha mitambo kilikuwa kikubwa mno hata mtu asiweze kumsikia jirani yake. Wanawake waliofanya kazi humo walijifunza kusema kwa midomo bila sauti, na kuelewa maneno kwa kutazama midomo ya wenzao.

Watoto walikuwa na kazi zao. Walio wadogo kabisa walitambaa chini ya mitambo ili kuzoa pamba iliyoanguka, nao mtambo hausimami. Wenzao waliunganisha nyuzi zilizokatika, wakifuata sehemu ya mtambo iliyokwenda mbele na kurudi nyuma kutwa. John Fielden, mwenye viwanda aliyekuwa pia mbunge, alitaka kujua ukweli wa jambo hilo. Alipima katika kiwanda chake mwenyewe, akaona kwamba mtoto wa kazi hiyo alitembea si chini ya maili 20 kwa siku. Habari hiyo ilimshangaza yeye mwenyewe, naye aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1836.

Mtu akiuliza, kwa nini wazazi walikubali? Jibu ni kwamba mshahara wa mtu mmoja haukutosha nyumba nzima. Msokotaji hodari aliweza kupata zaidi ya shilingi 20 kwa wiki, lakini mtu wa namna hiyo hakuwa wa kawaida. Vibarua, na wengi wa wafumaji wanawake, walipata kama nusu yake, na mtoto alileta shilingi chache tu. Hata hivyo shilingi hizo chache ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. Mara nyingi msokotaji mwenyewe ndiye aliyewaandika watoto wa kumsaidia, na watoto hao walikuwa wanawe.

Chakula chao kilikuwa uji wa shayiri, viazi, mkate, na chai yenye sukari, na nyama ya nguruwe kidogo siku ya mshahara. Mama aliyefanya kazi kiwandani alimwacha mtoto mchanga kwa jirani au kwa bibi kizee, akamlipa kidogo. Walezi wengine, ili watoto watulie, waliwanywesha dawa tamu iliyouzwa kila dukani kwa jina la Godfrey's Cordial. Ndani ya dawa hiyo mlikuwa na afyuni. Mtoto alilala, na wengine hawakuamka tena.

NYUMBA NA MAJI

Baada ya saa 13 za kazi mtu alirudi nyumbani, na huko ndiko hatari ilikokuwa kubwa zaidi. Wenye kujenga nyumba walitaka kuweka watu wengi kadiri iwezekanavyo katika kiwanja kidogo. Walijenga safu za nyumba zilizogeuziana migongo na kushirikiana ukuta wa nyuma, hata kila nyumba ikawa na mlango na madirisha upande mmoja tu. Hewa haikupita. Maelfu ya watu waliishi chini zaidi, katika vyumba vilivyochimbwa ardhini, ambamo maji machafu yaliingia kila mvua iliponyesha. Mtaa mmoja ulioitwa Little Ireland ulikuwa katika bonde la mto Medlock, chini ya kiwango cha maji ya mto yanapofurika. Nyumba nyingi zilitumia choo kimoja, nacho kilikuwa shimo lililokaa miezi mingi bila kuzolewa. Maji ya kunywa yalitekwa katika mabomba machache ya njiani yaliyofunguliwa kwa saa chache, na asiyeyapata aliteka kisimani au mtoni.

Katika mwaka wa 1832 kipindupindu kiliingia Manchester. Daktari mmoja kijana, jina lake James Kay, alikuwa akiwatibu maskini wa mitaa ya Ancoats na Ardwick. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akaandika kijitabu juu ya hali ya wafanya kazi wa viwanda vya pamba, ili matajiri wasome mambo yaliyokuwa karibu nao wasiyoyaona. Baadaye kijana wa Kijerumani, Friedrich Engels, ambaye baba yake alikuwa na sehemu katika kiwanda cha Manchester, alipita katika vichochoro hivyo hivyo na kutoa kitabu chake katika mwaka wa 1845.

Lakini hesabu zilizowashtua watu zaidi zilitolewa na Edwin Chadwick, katika taarifa yake ya mwaka 1842. Alilinganisha mji wa Manchester na wilaya ya mashamba iitwayo Rutland. Huko Rutland, vibarua na jamaa zao walikufa wakiwa na umri wa miaka 38 kwa wastani. Katika Manchester wastani ulikuwa miaka 17. Na si hivyo tu: hata mabwana wenye elimu na mali wa Manchester, wastani wao ulikuwa miaka 38, sawasawa na kibarua wa shamba kule Rutland.

Hapana budi kuzifahamu hesabu hizo vizuri. Hazina maana kwamba watu wazima wa Manchester walikufa wote wakiwa vijana wa miaka 17. Maana yake ni kwamba watoto wachanga walikufa kwa wingi mno hata wakaushusha wastani wa wote. Kwa hesabu za wakati ule, zaidi ya nusu ya watoto wa wafanya kazi wa Manchester walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kibarua wa shamba alipata ujira mdogo kuliko mtu wa kiwandani, lakini wanawe walipona. Jambo hilo liliwafundisha watu kwamba mshahara peke yake hauwezi kumlinda mtu, ikiwa maji anayokunywa yamechanganyika na uchafu wa jirani.

MJI USIO NA SERIKALI YAKE

Wengine walisema maskini ndio wa kulaumiwa, kwa uvivu, ulevi na ujinga wao. Lakini waliochunguza waliona sababu nyingine. Mji ule wa viwanda vya mvuke ulikuwa bado ukitawaliwa kama kijiji. Bwana mwenye ardhi, wa jamaa ya Mosley, alikuwa na haki za zamani juu ya soko, na baraza lake ndilo lililochagua wakuu wa mji. Iliongezwa kamati ya kuangalia taa, ulinzi na usafi, lakini uwezo wake haukuenea vichochoroni. Aidha, mpaka mwaka wa 1832 Manchester haukuwa na mbunge wake hata mmoja, ingawa vijiji vidogo sana vilikuwa na wawili.

Tarehe 16 Agosti, 1819, watu wapatao 60,000 walikusanyika katika uwanja wa St Peter's Field kudai haki ya kuchagua wabunge. Walikuja kwa amani, wanawake na watoto wakiwamo. Wakuu wa mji waliwatuma askari wapanda farasi wenye panga kati ya watu hao. Zaidi ya watu kumi waliuawa, na mamia waliumizwa. Tendo hilo halikusahauliwa. Katika mwaka wa 1832 Manchester ulipewa wabunge wawili, ingawa wafanya kazi wenyewe hawakupata kura wakati huo. Katika mwaka wa 1838 ulipata Baraza la Mji lililochaguliwa na walipa kodi, na katika mwaka wa 1846 Baraza hilo lilinunua haki zote za jamaa ya Mosley kwa pauni 200,000. Tangu hapo mji ulikuwa na chombo cha kufanyia kazi yake.

SHERIA ZA VIWANDA

Bunge lilikuwa limekwisha kutunga sheria za kuwalinda watoto wa viwandani katika miaka ya 1802 na 1819. Zilikuwa sheria nzuri kwenye karatasi, lakini hapakuwa na mtu wa kudumu wa kuingia kiwandani na kutazama kama zinafuatwa. Sheria ya mwaka 1833 ndiyo ya kwanza iliyokuwa na meno. Ilikataza mtoto wa chini ya miaka 9 kufanya kazi katika viwanda vya nguo, isipokuwa vya hariri. Iliwawekea walio chini ya miaka 13 mpaka wa saa 9 kwa siku, na kuwataka wahudhurie shule saa mbili. Ikawaweka wakaguzi wanne wa Serikali wenye haki ya kuingia kiwanda chochote.

Wakaguzi wanne kwa nchi nzima ni wachache, na tena walikuta tatizo wasilolitazamia: nani ajuaye umri wa mtoto? Vizazi havikuandikishwa na Serikali. Daktari alimtazama mtoto kimo chake, akakisia, na baadaye wengine walishauri meno yahesabiwe. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulianza katika Uingereza tarehe 1 Julai, 1837, na tangu hapo mtoto aliweza kulindwa kwa kipande cha karatasi.

Wenye viwanda wengi walipinga. Walisema kwamba faida yote hupatikana katika saa ya mwisho ya kazi, na saa zikipunguzwa viwanda vitafungwa na watu watakufa njaa. Hata hivyo, katika mwaka wa 1844 sheria iliagiza mitambo ya hatari izungushiwe vizuizi. Katika mwaka wa 1847 Fielden, yule aliyepima mwendo wa watoto, aliuongoza Bungeni mswada wa saa 10 kwa wanawake na vijana, ukapita. Kwa kuwa kiwanda hakikuweza kwenda bila wanawake na vijana, wanaume nao walipumzika. Viwanda havikufungwa. Viliongezeka.

MAJI KUTOKA MILIMANI

Baraza jipya la Mji lilikuwa na kazi nyingi. Sheria yake ya mwaka 1844 iliagiza kwamba kila nyumba mpya iwe na choo, na kwa hiyo zile nyumba za kugeuziana migongo hazikuweza kujengwa tena kama zamani. Lakini kazi kubwa ilikuwa maji. Katika mwaka wa 1848 mhandisi John Frederic Bateman alianza kujenga mabwawa katika bonde la Longdendale, katika milima iliyo mashariki ya mji, na maji yake yalianza kufika mjini katika mwaka wa 1851. Kazi yote ilimalizika katika mwaka wa 1877. Wakati huo mji ulikuwa umekua tena, na maji hayakutosha. Baraza likaenda mbali zaidi, mpaka ziwa la Thirlmere, likajenga njia ya maji ya maili 96, ambayo maji huteremka yenyewe bila pampu. Maji hayo yalifika katika mwaka wa 1894.

Yafaa kuangalia kwamba kazi hizi zilianza kabla watu hawajajua kipindupindu huletwa na nini. Chadwick na wenziwe walidhani maradhi hutoka katika harufu mbaya. Hawakuwa sahihi, lakini walipoondoa uchafu na kuleta maji safi, waliondoa pia vijidudu wasivyovijua. Na ambapo kazi ilifanywa nusu, faida ilikuwa nusu. Maji safi yalifika mapema, lakini vyoo viliachwa nyuma. Mashimo ya zamani yaliondolewa polepole, yakaja makopo yaliyozolewa kila wiki, na vyoo vya kusafishwa kwa maji havikuenea mpaka karne ilipokaribia kwisha. Kwa sababu hiyo watoto wachanga waliendelea kufa kwa wingi kwa ugonjwa wa kuhara, hasa miezi ya joto, mpaka miaka ya kwanza ya karne ya 20.

VYAMA VYA WATU WENYEWE

Wafanya kazi hawakukaa tu kungoja Bunge na Baraza. Walikuwa na vyama vya kusaidiana, ambavyo kila mwanachama alilipa peni chache kwa wiki, naye akiugua alipata fedha, na akifa alizikwa kwa heshima. Kimoja kilichojulikana sana, cha Oddfellows, kilianzishwa Manchester katika mwaka wa 1810.

Katika mji wa Rochdale, maili chache kaskazini ya Manchester, watu 28, wengi wao wafumaji, walichanga pauni 28. Tarehe 21 Desemba, 1844, walifungua duka dogo katika njia iitwayo Toad Lane. Waliuza unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa, basi. Wakati ule wenye maduka wengi walichanganya chokaa katika unga na kupunja mizani, na waliwakopesha maskini mpaka wakawa kama watumwa wao. Duka la Rochdale liliuza vitu safi kwa mizani ya haki, lilikataa kukopesha, na mwisho wa kila kipindi liligawa faida kwa wanachama kwa kadiri ya vitu walivyonunua. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, mwanamume au mwanamke, hata awe na hisa ngapi. Kanuni hizo ndizo zilizochukuliwa na vyama vya ushirika katika nchi nyingi za dunia, za Afrika ya Mashariki zikiwamo.

Vyama vya wafanya kazi pia viliimarika. Mkutano wa kwanza wa umoja wa vyama hivyo vya Uingereza ulifanyika Manchester katika mwezi wa Juni, 1868.

PAMBA ILIPOKOMA

Katika mwaka wa 1861 vita vilizuka Marekani kati ya majimbo ya kaskazini na yale ya kusini yenye watumwa. Meli za kaskazini zilizifunga bandari za kusini, na pamba ikakoma. Dohani za Manchester na miji jirani ziliacha kutoa moshi. Mwisho wa mwaka 1862 watu karibu 500,000 wa wilaya za pamba walikuwa wakiishi kwa kusaidiwa.

Athari zilifika mbali. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki nguo iliyopendwa kuliko zote katika biashara ya misafara ilikuwa merikani, iliyopewa jina hilo kwa sababu ilifumwa Marekani. Vita vilipoikata, ikawa ghali na haba, na wafanya biashara wa Unguja wakanunua zaidi nguo za Uingereza na za Bombay.

Walikuwako Waingereza waliotaka Serikali yao iwasaidie watu wa kusini ili pamba irudi. Lakini tarehe 31 Desemba, 1862, wafanya kazi wa Manchester walikutana katika ukumbi wa Free Trade Hall, wakamwandikia Rais Abraham Lincoln barua ya kumwunga mkono katika kuwaachilia watumwa. Lincoln aliwajibu tarehe 19 Januari, 1863, akawasifu kwa moyo wao. Si wote wa wilaya zile waliokuwa na maoni hayo, lakini waliokutana ukumbini walijua wanasema nini. Kusema hivyo kulikuwa kukubali njaa iendelee.

JUMAMOSI ALASIRI

Sheria ya mwaka 1850 iliongeza jambo dogo lililobadili maisha mengi: kazi ya wanawake na vijana katika viwanda vya nguo imalizike Jumamosi saa nane mchana. Kwa mara ya kwanza watu wa viwandani walikuwa na nusu siku ya mchana iliyo yao. Mahali pa kwenda palikuwa pameanza kupatikana. Katika mwaka wa 1846 bustani za watu wote zilifunguliwa Manchester na Salford, kwa fedha zilizochangwa na wenyeji. Katika mwaka wa 1852 Manchester ulifungua maktaba ya bure, na mwandishi Charles Dickens alikuwa mmoja wa waliohudhuria. Treni za bei nafuu ziliwapeleka watu pwani, wengi wao wakiiona bahari kwa mara ya kwanza.

Na vijana walicheza mpira. Katika mwaka wa 1878 wafanya kazi wa karakana ya mabehewa ya reli huko Newton Heath walianzisha timu yao. Miaka miwili baadaye timu nyingine ilianzishwa katika kanisa la St Mark's, West Gorton, ili vijana wapate jambo la maana la kufanya. Timu ya pili iliitwa Manchester City tangu mwaka wa 1894, na ya kwanza ikaitwa Manchester United tangu mwaka wa 1902. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki wayajuao majina hayo huenda hawajui kwamba michezo ya Jumamosi ilitokana na sheria ya saa za kazi.

Kwa hiyo habari za Manchester zina pande mbili. Mvuke na mitambo vilileta mali kwa miaka michache tu. Lakini maji safi, nyumba yenye hewa, mtoto kwenda shule, na mtu mzima kupumzika, hayo hayakuja pamoja na mali hiyo. Yalidaiwa, yalipingwa, yalitungiwa sheria, yakachimbwa na kujengwa, na yalichukua miaka zaidi ya 60. Muda huo wote waliolipa gharama ya kuchelewa walikuwa watoto wadogo, ambao majina ya wengi wao yamebaki katika vitabu vya vifo tu.